Mgumu aliyesema basi

Saa tano na robo usiku, kambi ya Barafu, Kilimanjaro. Upepo unayachapa mahema, na mimi nimechuchumaa nyuma ya hema la chakula nikigawa betri za kamera: mbili ndani ya soksi, mbili chini ya fulana, ziguse tumbo. Betri ikipigwa na baridi ya huko juu inazima hata kama uliichaji vizuri. Kijana mmoja wa timu yetu akaja akakaa kwenye jiwe karibu yangu. Chifu, yaani kiongozi mkuu wa safari, alikuwa amemchagua apande kileleni usiku ule pamoja na wageni, awabebee mikoba, awashike mkono wakianza kuyumba. Kwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, kuchaguliwa hivyo ni heshima, na mwisho wa safari kuna hela kidogo ya ziada.

Alikaa kimya muda. Tochi yake ya kichwani ilikuwa inamulika buti zake.

"Kaka, leo sidhani kama nitaweza."

Nikamuuliza yale tunayoulizana wote. Kichwa kinagonga? Unatapika? Umekula?

"Nimekula. Mwili hauna shida. Ni huku ndani tu, hakujatulia tangu safari ile."

Nilijua safari ipi. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa mmoja wa vijana waliomshusha mwenzao kwa machela usiku, mvua inanyesha, wanapokezana kwenye mawe yanayoteleza. Mwenzao hakufika getini akiwa hai. Siku chache baadaye vijana wale wale walikuwa getini tena, wamepanga foleni mizigo ipimwe.

Nikampiga begani. Nikamwambia neno lililokuja lenyewe mdomoni: "Jikaze, mdogo wangu. Ni usiku mmoja tu."

Akajikaza. Alipanda. Alimshusha mgeni mmoja aliyeishiwa nguvu pale Stella Point, karibu na kilele, akamfikisha kambini salama, kesho yake akabeba mzigo wake hadi geti la Mweka, akapokea bahasha, akapanda Noah kurudi kwao. Safari iliyofuata jina lake halikuwepo kwenye orodha. Na iliyofuata hiyo pia.

Hii ni wiki ya saba. Neno lile halijaniacha.

## Uso wenye barafu

Kwenye simu yangu kuna picha niliyoihifadhi mwaka nilioanza kulipwa kwa kupiga picha mlimani. Wanaofuatilia picha za milima wanaijua: uso wa mwanaume umejaza fremu nzima, barafu imegandana kwenye ndevu, na macho yanaitazama lenzi kama ya mtu aliyeamshwa ghafla na hajajua yuko wapi. Aliyeipiga ni Cory Richards, mpanda milima na mpiga picha wa Marekani. Aliyemo kwenye picha ni Cory Richards huyo huyo.

Niliihifadhi kama somo la ufundi. Niliwaza amesimamaje, amewezaje kulenga huku mkono unatetemeka, mwanga umetoka wapi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaonyesha vijana wanaotaka kujifunza kamera: tazama, mtu yuko karibu, hakuna mlima unaoonekana, lakini mlima mzima umo.

Wiki ya pili baada ya safari ile, usingizi uliponikimbia, niliifungua tena. Safari hii nilimwona mtu. Alikuwa analia.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe 2 Februari 2011, Richards, Simone Moro wa Italia na Denis Urubko wa Kazakhstan walifika kilele cha Gasherbrum II, mita 8,034 kule Karakoram, Pakistan. Waliondoka kambi ya mwisho usiku wa manane, baridi ikiwa nyuzi 46 chini ya sifuri. Pakistan ina milima mitano inayozidi mita 8,000, na hadi siku ile hakuna hata mmoja uliokuwa umepandwa katika majira ya baridi. Wapoland walishafika kilele cha Everest wakati wa baridi mwaka 1980. Karakoram iko kaskazini zaidi, baridi yake kali zaidi na upepo wake hauna adabu. Timu baada ya timu zilikwenda zikarudi mikono mitupu kwa zaidi ya miaka 20. Richards alikuwa na miaka 29, na akawa Mmarekani wa kwanza kusimama kwenye kilele cha zaidi ya mita 8,000 katika majira hayo.

Wakiwa wanashuka, wamebakiza mwendo mfupi kufika kambi ya chini, theluji iliporomoka kutoka mlima wa jirani. Iliwazoa wote watatu wakiwa wamefungwa kamba moja. Iliposimama, Moro alikuwa juu. Akamchimbua Richards, kisha wakamtoa Urubko. Wote wazima.

Muda mfupi baadaye, kifua bado kinapwita, Richards aliigeuza kamera ikamtazama yeye.

## Kufika kabla ya anayefika

Naomba nieleze kazi hii kidogo, kwa sababu bila hivyo picha ile inaonekana kama bahati.

Ukitaka picha ya mgeni anapofika Stella Point, mita 5,756, ni lazima wewe uwe umeshafika. Yeye anapanda pole pole, hatua moja, pumzi mbili. Wewe unamwacha nyuma, unakimbia kwenye changarawe inayokurudisha, unafika huku mapafu yanawaka, unapiga magoti, unavua glavu ya kulia. Ukiivua una muda mfupi sana kabla vidole havijawa vijiti. Usipumulie kioo, mvuke utaganda hapo hapo. Mgeni anatokea, nyuma yake Mawenzi na mstari mwekundu wa jua. Unabonyeza. Kisha unavaa glavu, unaweka vidole kwapani, unasubiri maumivu ya damu inayorudi, unakimbia tena hadi kilele cha Uhuru ili umpige akifika na pale.

Na hiyo ni Kilimanjaro, ambako njia inaonekana na hakuna anayehitaji kamba. Ongeza mita 2,000 na ushee. Weka barafu ya kupigilia vyuma. Ondoa mpishi, ondoa chai ya tangawizi, ondoa wagumu wa kukubebea, baki na watu watatu ambao kila mmoja anategemea nguvu za mwenzake. Kila picha ambayo Richards aliipiga Gasherbrum aliikata kwenye nguvu zake za kushukia.

Ndiyo kazi ya mpanda milima wa kulipwa ambaye pia ni mpiga picha. Kampuni za nguo na mahema zinamlipa ili apande, lakini kupanda kusikoonekana hakuuzi koti. Kwa hiyo anapanda, na pia anathibitisha kwamba amepanda. Galen Rowell, aliyekuwa fundi magari California kabla ya kuuza gereji yake mwaka 1972 na kuingia milimani na kamera, alifanya hivyo kizazi kimoja kabla. Alipiga picha akiwa mshiriki, kamba kiunoni, hakukaa chini na lenzi ndefu. Alikufa kwa ajali ya ndege ndogo mwaka 2002, na bado sisi wote tunaoning'inia na kamera tunapita kwenye njia aliyofyeka.

Faida ya kupiga picha ukiwa ndani ya tukio inaeleweka, mtazamaji anakuamini. Gharama yake sikuwahi kuiwaza hadi majuzi. Mtu aliye ndani ya tukio hana pa kukimbilia tukio linapokuwa baya. Kamera inampa kazi ya mikono. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Richards, dakika zile, hakukaa tu kwenye theluji akalia. Nadhani alishika kamera kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mikono yake ilikuwa inajua kufanya bila kuagizwa.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi nafanya. Nitalirudia hili.

## Mtoto wa Utah

Alizaliwa mwaka 1981 huko Utah, Marekani, kwenye familia iliyopenda milima. Wazazi walimfundisha kupanda na kuteleza kwenye theluji akiwa bado mdogo. Akiwa na miaka 14 hivi, mambo yaliharibika. Aliacha shule. Aliingia na kutoka kwenye vituo vya matibabu, na kuna kipindi hakuwa na pa kulala. Madaktari walimwambia ana baipola, ugonjwa unaompandisha mtu hadi asilale na kumteremsha hadi asiamke.

Hakuna hata kimoja kati ya haya nilichokuwa nakijua nilipokuwa nawaonyesha vijana picha yake. Nilimjua kwa orodha ya vilele.

Milima na kamera ndivyo vilivyomrudisha, kwa maneno yake mwenyewe alipokuja kuyasema. Kwa hiyo alipofukiwa na theluji mwaka 2011 hakuwa kijana wa kawaida aliyepata mshtuko. Kile kilichomwokoa utotoni ndicho kilichotaka kumuua, na kilipomkosa kikampa jina. Filamu fupi iliyotokana na kanda alizojirekodi mlimani ikazunguka dunia na kuzoa tuzo. Uso wake wenye barafu ukawekwa kwenye jalada la National Geographic, toleo la kuadhimisha miaka 125 ya jarida hilo.

Fikiria hilo kwa utulivu. Dakika mbaya kuliko zote maishani mwako inachapishwa, watu wanakupongeza, na kuanzia siku hiyo kila ofisi unayoingia wanataka nyingine kama ile.

## Neno letu

Sisi wapagazi wa Kilimanjaro tunaitana wagumu. Sijui neno jingine la kazi linalobeba fahari namna hiyo. Mtu ana mzigo wa kilo 20 kichwani, begi lake mgongoni, anampita mgeni kwenye kona akimwambia "jambo" huku anatabasamu. Nilibeba misimu minne kabla sijashika kamera, na hadi leo mtu akiniita mgumu nasikia kifua kinapanuka.

Na kwenye ugumu huo neno la kila saa ni jikaze. Mzigo mzito? Jikaze. Buti zimechanika? Jikaze. Umepata habari mtoto anaumwa nyumbani na bado siku tatu hadi getini? Jikaze kisabuni, tutafika. Linasemwa kwa upendo. Aliyeniambia mimi mara ya kwanza, siku yangu ya pili, nilipokaa chini pale juu ya Machame nikataka kurudi, alichukua na sehemu ya mzigo wangu akaongeza kwenye wake. Siwezi kumsahau. Jikaze yake ilikuja na mkono.

Ya kwangu ilikuja na kofi la begani tu.

Nimelichunguza neno hili wiki hizi zote. Kukaza ni kazi ya kamba. Asubuhi unaufunga mzigo, unakaza kweli kweli usicheze njiani. Jioni kambini unalegeza, kamba inapumua, mfuko unapumua. Hakuna mgumu anayelala na mzigo uliokazwa. Lakini vijana wale walioshusha machela, nani aliwalegeza? Walifika chini, wakatoa maelezo, wakaenda msibani, wakarudi getini. Hatukukaa nao hata mara moja tukawauliza mliona nini. Mimi sikuwauliza. Nilikuwa na safari ya wageni wanane na lenzi mpya.

Tena kuna aibu ya maneno. Mlimani tuna lugha ya mwili yote: kichwa kinagonga, tumbo limevurugika, mapafu yana maji, miguu imekufa. Kila ugonjwa wa mwinuko una dalili zake na kila kiongozi anazijua kwa moyo. Lakini mtu akisema ndani hakujatulia, hatuna pa kumweka. Atatokea mwenye kutaja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, watu watacheka, na yeye atacheka nao ili aonekane mzima. Wataalamu wana neno kiwewe kwa kile kinachobaki ndani ya mtu baada ya kuona kifo karibu. Neno zuri, la Kiswahili, na sijawahi kulisikia likitamkwa kambini.

## Miaka kumi

Kilichofuata kwa Richards amekieleza mwenyewe hadharani, na mwaka 2024 akakiandika kitabu kizima, kwa hiyo sifichui siri ya mtu.

Mwaka 2012 alikwenda Everest na msafara mkubwa. Akabanwa kifua, akashindwa kupumua, akashushwa kwa helikopta. Walidhani ni mapafu. Baadaye alikuja kuelewa kwamba mwili wake ulikuwa unaikimbia ile theluji ya mwaka uliotangulia. Ndoa yake ikavunjika. Pombe ikaingia. Na katikati ya hayo kazi ilikuwa inapanda kila mwaka! Alikuwa anatajwa kati ya wapiga picha wa milima wanaotafutwa zaidi duniani.

Hapa pananigusa sana. Kwa nje hakuna aliyeweza kuona. Picha zake za miaka ile ni nzuri. Alikuja hadi Afrika, akapiga Okavango, kuanzia mito ya Angola hadi kwenye delta Botswana, na kwenye picha zile kuna maji, mitumbwi ya mokoro, tembo, subira. Ukiziangalia utasema aliyezipiga ametulia. Mimi ningesema hivyo. Nimefundishwa kumsoma mtu kwa picha zake na nimekosea.

Mei 2016 alifika kilele cha Everest kupitia upande wa Tibet bila oksijeni ya mtungi. Mwenzake, Adrian Ballinger, mwili ulimgomea njiani, baridi ikamwingia hadi mifupani, akageuka. Dunia ilishangilia aliyefika, kama kawaida yetu. Mimi pia nilishangilia. Sasa nikiisoma habari ile macho yangu yanamfuata Ballinger anayeshuka. Aligeuka akiwa hai na akarudi mwaka uliofuata akafika.

Kwenye mlima wetu kiongozi mzuri anajulikana kwa kugeuza watu. Tunajua kumgeuza mgeni. Tunampima oksijeni kidoleni, tunamtazama anavyotembea, tunamwambia kwa heshima, "Mama, leo mwisho hapa, tunashuka." Analia, tunamfariji, tunampa chai. Wakati mwingine analipa na bahasha nono kwa sababu tumemwokoa.

Mgumu anageuzwa na nani?

## Dhaulagiri

Januari 2021 vijana kumi wa Nepal walifika kilele cha K2, mlima wa mwisho kati ya ile 14 inayozidi mita 8,000 ambao ulikuwa haujapandwa wakati wa baridi. Walisubiriana chini kidogo ya kilele, wakapanga mstari, wakaingia pamoja wakiimba wimbo wa taifa lao. Ndugu zetu wale, ambao kwa miaka mingi walikuwa wanaonekana kwenye pembe za picha za watu wengine, wamebeba. Siku ile nilitembea Moshi mjini kama vile mimi ndiye niliyefika. Nawataja kwa sababu mwaka ule ule, kwenye mlima mmoja wa kwao Nepal, kulitokea jambo lililopita bila kelele kubwa, na ndilo ninalolitafakari zaidi.

Richards alikuwa Dhaulagiri, mita 8,167, na Esteban Mena wa Ekuado, kujaribu njia mpya. Safari ilikuwa imeandaliwa muda mrefu, imegharamiwa, ina watu wa kurekodi. Alikuwa na miaka 40. Kichwa chake kikaanza kwenda mbio na kuzama kwa wakati mmoja, hali ambayo wenye baipola wanaijua na kuiogopa. Akasema basi. Hakuwa amevunjika mguu. Mapafu yalikuwa mazima. Aliondoka mlimani, na alipoondoka aliachana na upandaji wa kulipwa moja kwa moja.

Miaka kumi baada ya picha ile.

Nimemuwaza Mena na wenzake wengine pia, kwa haki. Msafara ukifungwa kwa ajili ya mtu mmoja, kuna watu wanaopoteza msimu, pesa, ndoto ya miaka. Kusema basi hakukuwa bure kwa wale waliokuwa wamefungwa naye kamba moja. Sitaki kuliandika jambo hili kama hadithi tamu ya shujaa.

Wala sitaki kumlinganisha kirahisi na kijana wetu. Richards alipoacha alikuwa na jina, alikuwa na daktari wa kumpigia simu, alikuwa na kamera na watu wanaotaka kumsikiliza. Mgumu wa Kilimanjaro akisema basi usiku ule pale Barafu, anashuka bila hela ya kileleni, na chifu atachagua mwingine safari ijayo, na hakuna mkataba unaomlinda. Kijana anasomesha mdogo wake. Anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Pengine ndiyo maana hakusema "sipandi". Alisema "sidhani kama nitaweza," akaniachia mimi nafasi ya kumalizia sentensi.

Nikaimalizia vibaya.

Tena najua kuna kujikaza kunakookoa. Moro alipotoka kwenye theluji ile hakukaa kuulizana hisia, alichimba. Vijana waliobeba machela usiku ule wasingejikaza wangemwacha mwenzao kwenye mvua. Siwezi kulifuta neno hili mlimani, na sitaki. Ninachokitafuta ni ile jioni ya kamba. Kwa Richards jioni hiyo ilichelewa miaka kumi.

## Nilichoacha kusema

Pale mwanzo niliruka kitu.

Kijana alipokaa kwenye jiwe, kabla hajasema lolote, niliona mwanga. Tochi yake ilikuwa inamulika buti, mwanga ukagonga theluji ukarudi juu, ukamwangaza uso kwa chini. Machozi yalikuwa yameshuka hadi kwenye mdomo wa skafu. Nyuma yake kulikuwa na giza tupu na nyota. Kamera ilikuwa shingoni. Nilipiga tatu.

Ndipo akasema, "Kaka."

Moja kati ya hizo ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga mlimani. Nasema hivyo nikiwa nimezipitia zangu za miaka tisa. Na wiki ya pili, nilipoufungua tena uso wa Richards usiku, nilizifungua zote mbili, moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, nikaziweka sambamba. Macho yale yale.

Tofauti yake niliichelewa kuiona. Richards alijigeuzia kamera mwenyewe. Uamuzi ulikuwa wake, na hata hivyo ulimgharimu. Kijana wetu hakuniruhusu wala hakunikataza, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye, akakuta lenzi. Kuna shindano la picha ambalo mwisho wake ulikuwa unakaribia. Nilishaandika hadi maelezo ya chini ya picha. Sikuituma, lakini niliandika, na siku tatu nzima nilijiambia kwamba naifanya kwa ajili yake, ili watu wajue wagumu wanapitia nini.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu.

Alipokea mara moja. Nyuma nilisikia kuku na mtu anayepasua kuni. Yuko kwao, wanachuma kahawa, akaniambia, bei mwaka huu si mbaya. Nikamuuliza analalaje. Akanyamaza, kisha akasema anaamka usiku akisikia mvua hata kama hainyeshi, lakini siku hizi akiamka anamwambia mama yake, wanakaa jikoni hadi kukuche. Kuna mhudumu wa zahanati ya kwao anayekwenda kuongea naye Alhamisi. Mama ndiye aliyempeleka.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiku ule nilikosea. Uliniambia na sikukusikia. Naomba unisamehe."

"Aah, kaka. Yeyote angeniambia vile vile."

"Najua. Lakini uliniambia mimi."

Hakujibu. Nikasikia kuni zinapasuliwa. Nikamweleza kuhusu picha. Nikamweleza ilivyo, bila kuipamba: unalia, mwanga unatoka chini, ni nzuri, nilitaka kuipeleka kwenye shindano. Nikamuuliza anataka niifanye nini.

"Hiyo futa, kaka."

"Zote tatu?"

"Zote." Kisha, sauti ikabadilika kidogo: "Ile ya Barranco unayo? Ile nimebeba meza. Mama anaiulizia, nilimwambia kuna jamaa alinipiga."

Ninayo. Ameipindua meza ya wageni kichwani, miguu minne inatazama mbinguni, mkono mmoja umeshika mwamba, mwingine uko wazi hewani kwa sababu alikuwa anamwelekeza mwenzake wa nyuma pa kukanyaga, na anacheka kwa nguvu hadi jicho moja limefumba. Haina mwanga wa maana, ilikuwa saa tano asubuhi, jua la utosi. Upande wa kulia kumeingia bega la mgeni.

Nilifuta zile tatu nikiwa bado naye kwenye simu, nikimtajia moja moja. Ile ya Barranco niliituma jioni ile, nikaipeleka na kwa fundi pale stendi aisafishe kwa karatasi kubwa. Alhamisi akienda zahanati ataipitia.